Kichanja na Mteremko: Historia ya Kazi, Mwendo na Uzee wa Walioumia Uti wa Mgongo katika Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Utangulizi

Kwa karne nyingi mtu aliyeumia uti wa mgongo hakuwa na uzee wa kujadiliwa. Hati ya tiba ya Misri ya kale ijulikanayo kama Papiri ya Edwin Smith iliwahi kuliweka jeraha la namna hiyo miongoni mwa maradhi yasiyotibiwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia askari wengi waliopata jeraha hilo walikufa ndani ya majuma au miezi ya mwanzo, na mara nyingi kilichowaua kilikuwa vidonda vya mgandamizo au maambukizi ya njia ya mkojo. Swali la namna mtu huyo atakavyoendelea kuushughulisha mwili wake afikapo umri wa miaka hamsini au sitini limezaliwa na mafanikio ya tiba ya karne ya 20. Ni swali la watu waliopona kifo na sasa wanazeeka.

Insha hii inalichunguza swali hilo katika Wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, kusini-magharibi mwa Tanzania. Inadai kwamba katika nchi hiyo mwili haukujengwa na michezo wala mazoezi ya viwanjani, bali na kazi. Na kwamba kazi yenyewe, milimani na ziwani, tangu zamani ina mikao miwili: ya kusimama juu ya mteremko au ndani ya mtumbwi, na ya kukaa penye mavuno. Jeraha la uti wa mgongo humhamisha mtu ghafla kutoka mkao wa kwanza kwenda wa pili. Kuielewa historia ya mikao hiyo, na heshima iliyoambatana na kila mmoja, ni sharti la kuelewa nini kinamwezesha au kumzuia aliyeumia kuendelea kuwa mtendaji hadi uzeeni.

Mwili uliojengwa na mteremko

Umbali kati ya mji wa Mbinga na bandari ya Mbamba Bay hauzidi sana kilomita 60, lakini katika umbali huo nchi hushuka kutoka milima inayovuka mita 1,500 hadi ufuko wa ziwa ulio chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, imechukua sehemu ya chini ya mteremko huo. Sehemu ya juu imebaki kuwa ya Wamatengo.

Wamatengo walijikusanya katika milima hiyo wakati wa mashambulizi ya Wangoni ya karne ya 19. Watu wengi walilazimika kuishi juu ya ardhi ndogo yenye mwinuko mkali, na kutokana na dhiki hiyo wakakamilisha kilimo cha mashimo kiitwacho ngoro. Nyasi hukatwa, huachwa zikauke, kisha hupangwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatana na kufanya miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya nyasi, hivyo nyasi zilizofukiwa huwa matuta na sehemu zilizochimbwa huwa mashimo ya kuzuia maji. Mazao makuu ya mashimo hayo ni maharage na mahindi, yanayopokezana. A. H. Pike aliuandika ustadi huo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1938, wakati ambapo serikali ya kikoloni ilikuwa ikihangaishwa na mmomonyoko wa udongo, na tangu hapo ngoro imesifiwa na wataalamu wa ardhi kwa jinsi inavyohifadhi rutuba.

Kisichosemwa mara nyingi katika sifa hizo ni gharama yake kwa mwili. Kwa desturi mwanamume hukata nyasi na kuzipanga, na mwanamke huchimba na kufukia. Kazi zote mbili hufanywa mgongo ukiwa umeinama na miguu ikiwa imejikita katika ardhi iliyolala upande. Uzoefu huo wa nyonga, magoti na mgongo ndio uliokuwa mazoezi ya Mmatengo wa kila umri. Kahawa, iliyoenea katika milima hiyo tangu miaka ya 1920, haikuuondoa mteremko. Iliongeza kupanda na kushuka, pamoja na mizigo ya kubeba kichwani na mabegani.

Kando ya ziwa kazi ilikuwa tofauti, lakini nayo ilidai mwili mzima. Mvuvi wa dagaa huenda ziwani usiku na taa, hutupa nyavu na kuzivuta, na alfajiri huusukuma mtumbwi hadi mchangani. Mashamba ya mihogo yanalimwa nyuma ya ufuko. Milimani na ziwani, basi, mtu mzima alitambulikana kwa uwezo wake wa kusimama: juu ya mteremko, ndani ya maji, chini ya mzigo.

Kutoka hukumu ya kifo hadi uzee

Mabadiliko yaliyowawezesha walioumia uti wa mgongo kuishi yalianzia mbali na Nyasa. Mwezi Februari 1944, Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Alisisitiza mambo yaliyoonekana madogo: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, mkojo utolewe kwa usafi, na mgonjwa asiachwe bila shughuli. Tarehe 29 Julai 1948, majeruhi 16, wanaume kwa wanawake, walishindana kulenga shabaha kwa upinde katika uwanja wa hospitali hiyo. Kutokana na mashindano hayo, na yale ya Roma ya mwaka 1960, ikakua michezo ya Paralimpiki.

Ni vyema kutazama ni nini hasa kilichovumbuliwa pale. Guttmann aliwapa majeruhi kazi za karakana na michezo kwa sababu alikuwa akiwaandaa kurudi katika jamii ya viwanda, yenye barabara za lami, ajira ya mshahara na saa za mapumziko. Mchezo ulikuwa jibu lililofaa mahali ambapo kazi na mazoezi vilikwisha kutenganishwa. Kanuni yake ya ndani, kwamba mwili usiotumika huoza na kwamba shughuli ni sehemu ya tiba, ilikuwa ya watu wote. Umbo lake la nje, yaani uwanja, klabu na mashindano, lilikuwa la nchi yake. Historia ya ukarabati wa majeruhi katika Afrika Mashariki inaweza kusomwa kama juhudi ndefu ya kuitafutia kanuni hiyo umbo jingine.

Njia ya hospitali

Katika kusini ya Tanzania tiba ya kisasa ilifika kwa njia ya misheni. Wabenediktini walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, na hospitali iliyokulia hapo imekuwa kimbilio la wagonjwa wa Ungoni na Umatengo. Katika milima ya Mbinga kuna hospitali ya Litembo ya Kanisa Katoliki, na katika mwambao kuna hospitali ya Mtakatifu Anna ya Kanisa la Anglikana huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Hospitali hizo ziliweza kumpokea aliyeanguka na kumtunza, lakini utaalamu wa uti wa mgongo ulijengwa kwingine. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996 jijini Dar es Salaam. Zote ziko mbali na Mbinga kwa takriban kilomita 1,000 au zaidi.

Moshi ndipo pia kilipoanzishwa, mwaka 1981, chuo cha TATCOT cha kuwafunza mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Baadaye chuo hicho kilishirikiana na shirika la Motivation la Uingereza kufundisha mafundi wa viti mwendo, na kutokana na aina hiyo ya kazi kikaenea kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililotangulia mbali, ili kisipinduke katika ardhi mbovu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo kwa nchi zenye uwezo mdogo, likisisitiza kwamba kiti kisicholingana na mwili wa mtumiaji na mahali anapoishi huweza kumdhuru.

Mwongozo huo una uzito wa pekee Mbinga. Kiti kilichoundwa kwa sakafu ya hospitali hakipandi njia ya ngoro, wala hakipiti katika mchanga wa ufuko. Hata kile cha magurudumu matatu hudai mtu wa kukisukuma pale mteremko unapozidi. Lami iliyofika Mbinga na hatimaye Mbamba Bay katika karne hii imebadilisha jambo hilo kwa namna mbili zinazopingana. Imefupisha safari ya majeruhi kwenda hospitali na kuwapa walio kando ya barabara ukanda tambarare wa kusukuma viti vyao. Wakati huohuo imeongeza mwendo wa magari na pikipiki. Tafiti zilizofanywa katika hospitali ya KCMC zimeonyesha kuwa kuanguka, pamoja na kuanguka kutoka mitini, na ajali za barabarani ndivyo visababishi vikuu vya jeraha hili, na kwamba wengi wa wanaoumia ni wanaume walio katika umri wa kufanya kazi.

Kazi ya kukaa na suala la heshima

Hapa ndipo kifaa kimoja cha kawaida kinapostahili kuangaliwa upya. Kichanja, yaani meza ndefu ya miti iliyotandikwa wavu au matete, kinapatikana milimani na ziwani. Milimani huanikwa kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa, igeuzwe mara kwa mara na kuchambuliwa punje mbovu. Ziwani huanikwa dagaa, ambao vilevile hugeuzwa na kuchambuliwa. Kimo chake hukaribia kiuno cha mtu aliyesimama, yaani kifua cha mtu aliyekaa katika kiti mwendo. Kikipunguzwa kidogo na kuachiwa nafasi ya magoti chini yake, huwa mahali pa kazi pa mtu asiyeweza kusimama.

Kichanja ni mfano tu wa upande wa pili wa kazi za nchi hiyo. Kupura na kupepeta maharage, kupukuchua mahindi, kumenya mihogo, kushona nyavu, kusuka majamvi na kuchunga kitalu cha miche ya kahawa ni kazi za mikono na mgongo wa juu. Nazo ni kazi halisi zenye thamani sokoni. Hasa baada ya soko la kahawa kulegezwa katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi binafsi walipoanza kushindana na vyama vya ushirika, ubora wa uanikaji na uchambuaji uliweza kupandisha au kushusha bei aliyopata mkulima.

Hata hivyo kazi hizo hazikugawanywa kwa kigezo cha nguvu peke yake. Zilikuwa kwa kiasi kikubwa kazi za wanawake, watoto na wazee, isipokuwa chache kama ushonaji wa nyavu. Kijana wa miaka 25 aliyeanguka mtini na kupooza miguu hukabidhiwa, katika siku moja, mkao wa mzee. Anachopoteza ni zaidi ya mwendo. Ni nafasi yake katika mgawanyo wa kazi uliomthibitisha kuwa mwanamume. Mwanamke aliyeumia hupata hasara ya namna nyingine: mkao wa kukaa haumwondolei jina lake, lakini uchimbaji wa ngoro, maji na kuni vilivyokuwa juu yake havina wa kuvipokea ila binti au mama mkwe, naye hugeuka kuwa deni ndani ya nyumba aliyokuwa nguzo yake.

Ndiyo maana uamuzi wa kubaki kitandani, ambao kwa macho ya hospitali huonekana kuwa uzembe au kukata tamaa, una mantiki ya kijamii. Familia inayomwambia mgonjwa wake apumzike humhurumia. Yeye anayekubali huikwepa aibu. Lakini uti wa mgongo uliojeruhiwa hauiheshimu huruma hiyo. Ngozi isiyohisi hufa chini ya uzito wa mwili uliotulia, mifupa ya miguu hupungua uimara, moyo na mapafu hulegea. Pale ambapo mazoezi hayakuwahi kutenganishwa na kazi, kumwondoa mtu kazini ni kumwondoa katika mazoezi pia.

Mabega yanayozeeka

Uzee huongeza utata mwingine. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2018 kwa watu wazima wenye jeraha hili inapendekeza, kwa ajili ya ustahimilivu wa mwili, angalau dakika 20 za mazoezi ya kuhemesha ya kiwango cha kati hadi kikubwa mara mbili kwa juma, pamoja na mazoezi ya nguvu ya seti tatu kwa kila kundi kuu la misuli inayofanya kazi, pia mara mbili kwa juma. Kwa afya ya moyo na umetaboli wa sukari na mafuta, inapendekeza dakika 30 mara tatu kwa juma. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani nalo liliwajumuisha kwa mara ya kwanza watu wenye ulemavu katika mapendekezo yake ya jumla kuhusu kuushughulisha mwili.

Vikipimwa kwa kigezo hicho, vichanja na nyavu vina upungufu. Kuchambua kahawa huimarisha vidole na uvumilivu, lakini hakumfanyi mtu ahemkwe. Kutwanga, kuvuta kamba na kukisukuma kiti barabarani hukaribia zaidi kiwango kinachotakiwa. Kupiga kasia hutumia mikono na kifua kwa nguvu huku mtu amekaa, na kwa sababu hiyo kungeweza kuonekana kuwa zoezi bora la mwambao. Lakini mtumbwi mwembamba hudai mizani ya kiuno ambayo aliyepooza mara nyingi hana, na ubao wenye maji ni adui wa ngozi isiyohisi.

Zaidi ya hayo, mikono iliyochukua kazi ya miguu huchakaa. Maumivu ya mabega ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida ya walioishi miaka mingi na jeraha hili, na mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2005 kuhusu kuhifadhi mikono ulishauri kupunguza idadi ya mara ambazo mtu hujinyanyua kwa mabega, hasa kutoka chini kwenda juu. Shauri hilo linagusa moja kwa moja utaratibu wa nyumba. Mahali ambapo watu hulia chakula mkekani, hupika kwenye mafiga na kuzungumza wakiwa juu ya jamvi, kila tendo la kujumuika humlazimu mwenye kiti kushuka ardhini na kupanda tena. Katika miaka 20 hiyo ni maelfu ya kujinyanyua. Jukwaa la udongo au matofali lenye kimo cha kiti, likijengwa barazani na jikoni, huokoa mabega kuliko dawa ya maumivu. Ni kazi ya siku chache kwa fundi wa kijijini.

Hivyo uzee wa mtu huyu una kanuni mbili zinazovutana: mwili utumike usije ukaoza, na mabega yatunzwe yasije yakaisha. Anayezijua zote mbili hupanga siku yake: kazi ya nguvu asubuhi kabla ya jua, kwa kuwa wenye jeraha la juu hushindwa kutoa jasho ipasavyo, kazi ya mikono mchana kivulini, na kujiinua au kuegemea upande kila baada ya muda mfupi ili damu ipite katika makalio.

Sera mbili, mtu mmoja

Dola ya Tanzania imezishughulikia nusu mbili za mtu huyu katika makabrasha mawili. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Taifa ya Maendeleo na Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu ilifuata mwaka 2004, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka 2010, mwaka mmoja baada ya nchi kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa. Lakini jeraha la uti wa mgongo huyaleta mapema maradhi ya uzeeni, hasa ya mabega, mifupa na moyo. Aliyeumia akiwa na miaka 22 huweza kuwa na mwili wa mzee kabla hajafikisha 50, na kwa sera ya kwanza bado ni kijana.

Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni hatua ya maana mijini. Kwa mlima wa ngoro na ufuko wa dagaa, ambako mwajiri ni ukoo na mkataba ni desturi, kipengele hicho hakina mlango wa kuingilia. Karibu zaidi na maisha ya huko ni utaratibu uliotiwa katika sheria mwaka 2018, wa kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 kati yake ikiwa ya watu wenye ulemavu. Fedha hiyo ikikopwa kwa ajili ya vichanja vya kimo kifaacho, nyavu za kushona au kitalu cha miche, huwa kwa pamoja mtaji wa biashara na kifaa cha ukarabati, ingawa daftari la halmashauri litaiandika upande mmoja tu.

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba kuendelea kuushughulisha mwili baada ya jeraha la uti wa mgongo hakukuwa suala la nia ya mgonjwa peke yake. Stoke Mandeville iliwapa majeruhi wake uwanja kwa sababu uwanja ulikuwapo. Mbinga na Nyasa zina mteremko na mchanga, ambavyo huwafungia wengi nyumbani, lakini pia zina urithi mrefu wa kazi za kukaa ambazo haziwezi kudharauliwa bila kuudharau uchumi wenyewe wa kahawa na dagaa. Kinachohitajika ni kuzirekebisha kazi hizo zipate sehemu ya kuhemesha na kimo kinachotunza mabega, na kuziondolea aibu ya kuitwa kazi za wasioweza. Katika nyumba ambayo kijana aliyepooza anapewa nafasi kichanjani mapema, na mazao yake yanahesabiwa kama ya wengine, mzee wa kesho anakuwa amekwisha kuanza kutunzwa.